Ni Wewe, Baba, au ni Muvi?

Naandika haya nikiwa nimeshachomwa sindano ya kumi na moja, nikihesabu tangu nilipoanza upya. Kwa nini nilianza upya nitakwambia, maana huo ulikuwa ujinga wangu na sipendi na wewe uurudie. Kama una mgonjwa wa aina yangu nyumbani, au wewe mwenyewe umeanza kumsikia mtu usiyemwona, keti tuzungumze. Mimi si daktari. Mimi ni mtafsiri wa muvi hapa Area D, Dodoma, na sauti yangu inajulikana kuliko sura yangu.

Kazi yenyewe iko hivi. Muvi inakuja kwa Kizungu, Kikorea au Kihindi. Mimi nakaa mbele ya kompyuta na maiki, nawasemea wote waliomo: bibi, mtoto, polisi, jambazi, hata mbwa siku nikiamka vizuri. Halafu watu wanakuja kwenye kibanda changu na flashi zao tunawawekea. Ukitafsiri kikavukikavu hakuna atakayerudi, kwa hiyo unatia chumvi. Jambazi unampa jina la balozi wa nyumba kumi, mrembo unampa jina la muuza maandazi. Mke wangu, Mama Seche, nimemuua kwenye muvi mara nyingi kuliko ninazokumbuka, na alikuwa akicheka.

Zilizoniletea wateja hasa, wanafunzi wa chuo kule Chimwaga ndio usiseme, ni muvi za vichaa. Wao wanaziita za kisaikolojia. Bila shaka unazijua. Mtu mpole anakaa peke yake kwenye nyumba kubwa, taa inafifia na kuwaka, bomba linadondosha maji, naye anajitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko mtu mwenye shughuli zake. Anasikia watu ukutani. Muziki unaanza kukwaruza. Wewe uliyekaa kwenye kochi tayari unajua kuna kisu kinakuja, na kisu kinakuja kweli. Katika miaka yangu yote sikuwahi kutafsiri muvi ambayo mgonjwa wa namna hiyo alipanga foleni, akapewa dawa, akarudi nyumbani kula ugali na wanawe.

Mimi vichaa wote niliwapa kicheko kimoja. Kilianzia puani, kikashuka kooni, kikaishia kwenye kikohozi. Watoto wa mtaani walikuwa wakikiigiza wakitoka shule, na mimi nilijivunia, Mungu anisamehe. Tena kila kichaa alipotokea niliongeza maneno yangu: "Ndugu watazamaji kaeni mbali, huyu waya zimeshakatika, leo lazima aue mtu."

Chumba cha kazi kilikuwa humohumo nyumbani, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele. Mlango haukuwa na komeo, sheria ilitosha. Kanga nyekundu ikining'inia mlangoni, baba yupo kazini. Hakuna kubisha, hakuna kuingia, hata usikie nini. Kuitundika ilikuwa kazi ya binti yangu Sechelela, wakati huo ana miaka minane, na aliifanya kwa heshima zote kama anapandisha bendera. Mimi humo ndani nililia, nilitukana, niliomba msaada, nilikata roho. Wao huko nje waliendelea kumenya viazi.

Sasa ugonjwa ulipokuja, ulikuja kwenye chumba hicho.

Ilikuwa mwezi wa nane, ule upepo wetu unapiga vumbi mpaka kwenye meno, na zabibu zimeanza kuuzwa barabarani. Nilikuwa natafsiri muvi ya fundi saa mmoja anayesikia watu ukutani. Nimevaa hedifoni. Nikasikia mwanamume anasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "Mwone, ananyanyua mkono, anataka kufuta jasho." Nikafuta jasho. "Ameshafuta. Sasa anautazama mlango." Nikadhani kazi ya mtafsiri mwingine imeingia kwenye faili langu. Nikachomoa waya. Sauti ikaendelea.

Kwenye muvi, hapo ndipo muziki unapolipuka na mtu anapiga yowe. Mimi sikupiga yowe, na hakuna aliyeniwekea muziki. Nilikaa tu nimeshika waya mkononi, namsikiliza mtu anayenitafsiri. Sina neno jingine la kutumia. Alikuwa ananitafsiri mimi, vilevile ninavyowafanyia watu wa kwenye kioo cha kompyuta. Na kitu cha kwanza nilichowaza, naona aibu kukisema, ni kwamba huyu bwana ananizidi kazi.

Nilificha karibu mwezi mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo niliimba nikiwa darasa la tatu, lakini kuijua na kuifuata ni vitu viwili. Usingizi ukakata. Kuoga nikaacha. Nikajidai nina kazi nyingi ili kanga ikae mlangoni kutwa. Yule bwana akaanza kuniambia muvi inakaribia mwisho, na kwamba mwisho wake naujua. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimewafundisha nusu ya mji mwisho wake. Ndiyo maana sikumwambia mke wangu. Nilikuwa namtazama akikata mboga, nikaogopa mikono yangu mwenyewe, nikarudi chumbani.

Siku niliyozidiwa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilipiga kelele za kweli. "Mama Seche, nisaidie. Kuna mtu humu. Ananiua." Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Mke wangu alikuwa uani anachambua mlenda na Seche. Baadaye, hospitalini, aliniambia huku anatazama pembeni.

"Nilikusikia. Ulinitaja jina. Nikamwambia mtoto, leo baba yako amenitia tena kwenye muvi yake. Tulicheka, Baba Seche. Mimi na mwanao tulikaa pale tukacheka."

Usimlaumu. Nyumba nyingine mke angesikia mumewe analia vile angekuja mbio. Ya kwetu, kwa miaka yote ile, nilikuwa nimewazoesha kwamba kilio changu ni riziki yao.

Aliyevunja sheria ni Seche. Saa nane mchana aliona sahani yangu pale mlangoni haijaguswa, inzi wamejaa. Akaitoa kanga, akafungua. Mimi sikumwona Seche. Nilimwona mtu aliyetumwa kuja kumaliza muvi, nikarusha kile chuma cha kusimamishia maiki. Kilimpata juu ya jicho la kushoto. Katika ugonjwa wangu wote hili ndilo naweza kulisema mara moja tu, na nimeshalisema.

Majirani walikuja. "Angalieni kisu," mmoja wao alisema, mteja wangu wa siku nyingi. Sikuwa na kisu. Lakini kwenye muvi zangu hakikosekani, angejuaje? Walinifunga mikono kwa kanga ileile nyekundu. Wakanipitisha kwanza kwenye maombi, siku mbili, na siwabezi waombaji wale, walinipa maji na mahali pa kulala. Ila yule bwana aliyatafsiri hata maombi. Siku ya tatu tukaenda hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo jina lake sitalitaja. Watoto wa Dodoma wanatukaniana nalo, na mimi nimetukana nalo pia, tena kwenye maiki.

Dawa za mwanzo zilinikamata shingo, ikaenda upande, nikawa natazama bega langu kutwa. Ulimi ukawa mzito kama soli ya kiatu. Mate yakawa yananitoka kama mtoto anayeota meno. Mimi niliyekuwa nabadilisha sauti saba bila kumeza mate, nikashindwa kuomba maji ya kunywa. Mke wangu alikuja kila siku na kibakuli cha zabibu. Alizimenya moja moja, akatoa na mbegu, akaniwekea mdomoni. Siku ya tisa ulimi ulilegea kidogo, nikauliza Seche yuko wapi.

"Mvumi, kwa mama."

"Anarudi lini?"

"Mama amesema mpaka upone."

Nikamngoja nesi, mama wa makamo mwenye haraka zake, nikamuuliza nitapona lini. Aliketi kitandani, na muda wa kuketi hakuwa nao. "Utakaa vizuri, kaka," alisema. "Habari ya kupona tuiache kwanza. Ukifuata dawa, utakaa vizuri." Alinishika bega akaenda zake. Nililia siku hiyo kuliko siku niliyofungwa, kwa sababu mama mkwe alikuwa ametaja kupona, hakutaja kukaa vizuri.

Nikatoka, nikawa mtu wa sindano ya kila mwezi. Watu wanadhani ugonjwa huu ni vurugu. Ugonjwa huu ni benchi. Unafika saa mbili, unakaa, unasogea, unakaa, jua linakufuata chini ya paa mpaka linakukuta. Nilinenepa ghafla, suruali hazifungi, mikono inatetemeka, kalamu haishikiki. Hakuna mtengeneza muvi atakayetaka kukupiga picha pale, maana hakuna kinachotokea.

Sindano ya tatu, mvua bado zinatutishia kwa mawingu tu, nilikaa karibu na mama mmoja wa Chemba na mwanawe mtu mzima. Nyuma yetu kuna aliyefungua muvi kwenye simu, sauti juu. Nikasikia: "Ndugu watazamaji kaeni mbali, huyu waya zimeshakatika." Kikafuata kicheko. Benchi zima likacheka, hata baadhi yetu wenye kadi mkononi. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Yule mwanawe hakucheka. Nikamsalimia, basi tu niseme kitu, naye akageuka akanitazama mdomo.

"Huyo ni wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nasikia sauti mwaka wa nne huu. Sijawahi kucheka hivyo. Kuna nini cha kucheka?"

"Mwache kaka wa watu," mama yake akamwambia.

"Simgombezi, mama. Namuuliza."

Wakaita jina langu, nikaenda kuchomwa.

Krismasi tulikwenda Mvumi. Nilikuwa nimenyoa, nimevaa shati jipya, nimefanya mazoezi ya kutabasamu bila mate kutoka. Mama mkwe alinipokea uani, akaniwekea kigoda mbali na mlango. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama palepale kama mlinzi. Seche akatokea nyuma yake. Ana kovu dogo jeupe juu ya jicho, nyusi imekatika hapo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Njoo."

Hakuja. Akamnong'oneza bibi yake, lakini nilisikia. "Bibi, atacheka kile kicheko?"

Kisha akaniuliza mwenyewe, kwa sauti, kama mtu aliyekaa na swali lake miezi minne. "Baba, siku ile ilikuwa ni wewe au ni muvi?"

Nisikilize vizuri hapa. Ukweli ulikuwepo mdomoni. Lakini nilimwona mtoto wangu nyuma ya kanga za bibi yake, nikawaza, nikisema ni mimi, nimempoteza. Nikasema, "Ilikuwa muvi, mwanangu. Baba alikuwa kazini."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi siji," alisema. "Kwetu muvi haziishi, ikiisha hii inaanza nyingine."

Tulirudi mjini. Na mimi, badala ya kujuta, nikatafuta njia ya kuufanya uongo wangu uwe kweli. Kama ilikuwa muvi, basi mimi si mgonjwa, na asiye mgonjwa hachomwi sindano. Isitoshe nilitaka ulimi wangu. Januari sikwenda. Februari sikwenda. Mikono ikatulia, sauti ikarudi, nikatafsiri muvi mbili safi kabisa, na wateja wakasema umerudi kaka. Niliota ndoto za mchana za kwenda Mvumi nimepona kama alivyotaka mama mkwe.

Mvua ilikuwa inapiga bati alipoongea tena. "Mwone. Alidhani muvi imekwisha."

Safari hii sikupiga kelele. Nilijikunja kati ya magodoro, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipofika mahali pa kuona heri nisiwepo. Nalisema wazi kwa sababu wewe unayesoma huenda uko hapohapo leo. Mwambie mtu. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi sikumwambia mtu, ila mke wangu alikuwa amejifunza kitu ambacho mimi sikumfundisha: alisikia kimya. Aliniambia, "Ulipolia sikujua. Uliponyamaza nikajua." Aliingia bila kubisha, akaketi sakafuni, akaniuliza, "Yupo?" Nikaitikia kwa kichwa. "Anasemaje?" Nikamwambia yote, hata yale ya mikono yangu na kisu cha mboga. Nilidhani atakimbia. Alinivua viatu, akakaa nami siku nzima, na asubuhi yake bajaji ikatupeleka hospitali.

Nesi yuleyule alifungua kadi yangu, akachora mstari, akaandika moja, hesabu ikaanza upya. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Shingo tena, ulimi tena, mate tena. Alisema mwenye kuacha dawa huwa anarudi chini ya pale alipoanzia, na ndivyo ilivyokuwa. Wiki nyingi sikuamini chochote, wala Mungu, wala nesi, wala zabibu za mke wangu. Nilimeza tu, nikachomwa tu.

Pasaka, baada ya sindano ya pili, nilimwomba mke wangu twende Mvumi. Alikataa mara mbili. Nilikwenda nimevimba uso, leso mkononi kwa ajili ya mate. Kigoda kiliwekwa palepale. Seche akasimama palepale.

"Nilikudanganya," nikamwambia, na ulimi wangu unaburuza. "Siku ile haikuwa muvi. Ilikuwa ni mimi. Nilikuwa naumwa kichwani, nasikia mtu asiyekuwepo, nikadhani wewe ni mwingine. Nilikuumiza mimi. Naumwa bado. Nachomwa sindano kila mwezi."

"Utaumwa mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu."

Aligeuka akaingia ndani. Nikajua ndiyo basi. Nikainuka kuaga, na ni mama mkwe aliyenizuia kwa mkono.

"Keti ule," alisema. Akanisogezea kigoda kivulini, karibu na mlango. "Marehemu mume wangu alijichoma sindano za sukari miaka kumi na miwili. Sikuwahi kumwambia akae nje mpaka apone." Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anapakua ugali. Hakuomba radhi, na mimi sikumdai.

Seche alikuja likizo ya mwezi wa sita, na begi lake, na sharti lake. Kanga haitundikwi tena. Akisikia chochote chumbani, atabisha, atauliza, na mimi lazima niseme kweli. Nikakubali, naye akabaki. Ukifika kwetu leo utamsikia: anabisha mara mbili, "Baba, ni wewe au ni muvi?" Nami najibu, "Muvi," anarudi kwenye madaftari yake. Watu wananidhihaki kwamba nafanya kazi chini ya ulinzi. Sawa. Kicheko kile nimekizika, na muvi za vichaa nikizifanya siongezi lile tangazo langu. Mgonjwa akisikia watu ukutani, nasema tu anasikia watu ukutani. Wanafunzi wengine wamehamia kwa mtafsiri mwingine, anayecheka vizuri.

Siwezi kukuahidi kitu. Ninachojua ni kidogo: nenda kwenye sindano hata siku unayojiona mzima, hasa siku hiyo. Na nyumbani kwako pawe na mtu mwenye ruhusa ya kubisha.

Mwezi wa nane ulirudi, na upepo wake. Sindano ya sita. Mchana mmoja niliingia chumbani, nikawasha kompyuta, nikashindwa kubonyeza. Vumbi lilikuwa linapita chini ya mlango kama mwaka uliopita. Hakuwepo mtu masikioni mwangu, ila niliogopa atakuja, nikaogopa mpaka nikaanza kulia, kwa sauti, siwezi kujizuia.

Mlango ukagongwa mara mbili.

"Baba, ni wewe au ni muvi?"

Neno "muvi" ni fupi, na nilikuwa nalo tayari. Nikaangalia kioo cha kompyuta, cheusi kabisa.

"Ni mimi," nikasema.

Nikasikia miguu yake inaondoka, nikasikia sauti ya mama yake uani, kisha miguu ikarudi. Mlango ukafunguka. Seche aliingia, akaketi kwenye godoro kando yangu, akachukua hedifoni mezani akazivaa kichwani mwake. Alisikiliza kwa makini, nyusi ile iliyokatika imekunjamana.

"Humu hamna mtu," alisema.

"Najua, mwanangu. Leo hamna."

Akazivua, akaziweka mezani, akaniegemea begani. Tulikaa hivyo mlango wazi mpaka mama yake alipotuita kula.